Bonde la chemchemi ni amana, si shamba lisilo na mwenyewe

KILA sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyeteremsha maji kutoka mawinguni, akaihuisha kwayo ardhi baada ya kufa kwake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na aali zake, masahaba zake na wote waliofuata mwenendo wake mwema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, leo tunapenda kuzungumzia jambo ambalo ni nadra kulisikia juu ya mimbari zetu, ijapokuwa kila tunapotaka kusimama mbele ya Mola wetu huanza kwa kulishika mikononi. Jambo hilo ni maji. Na zaidi ya maji yenyewe, ni yale mabonde yenye unyevunyevu ambamo maji huchimbuka na kutuama, pamoja na matete, miti, ndege, samaki na vyura wanaoishi humo. Wataalamu huyaita mabonde hayo ardhioevu. Sisi tumezoea kuyaita matopeni, na kwa jina hilo la dharau tumeyatendea kwa dharau.

Tunakusudia hasa mabonde yaliyo katika miteremko ya uwanda wa Makonde na chini yake, katika maeneo ya Newala na Masasi. Leo miji hii miwili ina halmashauri zake za mji, watu wanaongezeka, viwanja vinapimwa, na macho ya wengi yanashuka kuelekea bondeni. Kabla panga halijafika huko, ni wajibu wetu tujiulize: je, bonde la chemchemi ni mali ya nani, na sheria ya Mwenyezi Mungu inasemaje juu yake?

Maji yaliyotulizwa ardhini

Mgeni anayefika Newala kwa mara ya kwanza hushangaa. Mvua inanyesha vizuri, vichaka ni vya kijani, mikorosho imestawi, lakini hakuna mto wala kijito juu ya uwanda. Sababu yake ni kwamba udongo wa uwanda huu ni wa kichanga na miamba yake hupitisha maji kwa urahisi. Mvua ikishanyesha, maji huzama chini haraka, husafiri polepole gizani, kisha hutokeza kwenye miteremko na mabonde kwa njia ya chemchemi. Kwa hiyo tone la mvua lililoanguka juu, penye kijiji, ndilo linalokuja kuchotwa chini, penye bonde.

Wazee wa Kimakonde wana hadithi yao ya kale, ambayo Mjerumani Karl Weule, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, naye aliiandika: kwamba wazazi wa kwanza wa kabila hilo waliishi kando ya maji na mtoto wao akazaliwa mfu, na kwamba walipohamia juu, mbali na mto, ndipo walipopata mtoto aliyeishi. Sisi hatuchukui itikadi yetu katika hadithi hiyo. Lakini inatueleza kwamba watu wa uwanda huu walichagua tangu zamani kukaa mbali na mabonde, na bonde likabaki mahali pa kuchota, si mahali pa kujenga. Gharama ya uamuzi huo waliibeba mama zetu na dada zetu, waliopanda na kushuka miteremko wakiwa na maji vichwani. Mpaka leo nyumba nyingi za Newala zina visima vya saruji vilivyochimbwa uani ili kuhifadhi maji ya mvua, na mwenye kisima kilichojaa huhesabiwa kuwa mtu mwenye neema.

Katika miaka ya 1950 serikali ya wakati huo ilianzisha shirika la maji la Makonde ili kuyapandisha maji juu ya uwanda kwa mashine na mabomba. Tangu wakati huo vyanzo vya mabondeni kama Mkunya na Mitema vimekuwa tegemeo la maelfu ya watu wanaoishi juu. Kwa upande wa Masasi, chanzo cha Mbwinji ndicho kinachowanywesha watu wa mji huo na jirani zao wa Nachingwea. Na mwaka 2022, iliposainiwa mikataba ya mradi wa maji wa miji 28 kwa mkopo wa India, Makonde ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyohesabiwa. Hizi ni habari njema. Lakini bomba halizai maji, ndugu msomaji, wala mashine haiumbi chemchemi. Vyote hivyo huchukua kile ambacho bonde limekihifadhi.

Mwenyezi Mungu (S.W.) ametueleza katika Suratul-Mu'minun, aya ya 18, kwamba ameteremsha maji kutoka mbinguni kwa kipimo, akayatuliza ardhini, na kwamba anao uwezo wa kuyaondoa. Katika Suratuz-Zumar, aya ya 21, ametutaka tuangalie namna alivyoyapitisha maji hayo ndani ya ardhi yakawa chemchemi. Na katika aya ya mwisho ya Suratul-Mulk, sura ambayo wengi wetu tumeihifadhi, anatuuliza ni nani atakayetuletea maji yanayotiririka iwapo maji yetu yatadidimia chini. Kama wapo watu duniani wanaopaswa kuisoma aya hiyo kwa machozi, basi wakazi wa uwanda wa Makonde ni miongoni mwao, kwa kuwa wao wanaona kwa macho jinsi maji yanavyodidimia kila masika.

Umma unaoishi bondeni

Tunapotaja wanyamapori katika mkoa wa Mtwara, fikra za watu huenda moja kwa moja kwenye mapori ya akiba ya Lukwika-Lumesule na Msanjesi, walipo tembo na wanyama wengine wakubwa. Mtu hadhani kwamba kilometa chache kutoka nyumbani kwake, bondeni anakochota maji, kuna umma mwingine wa viumbe wa Mwenyezi Mungu.

Tushuke bondeni na tutazame. Matete na mafunjo yamesimama majini; hayo hupunguza kasi ya maji ya mvua yanayoporomoka kutoka mlimani, yakayalazimisha kutua, na mchanga ukabaki chini badala ya kuziba chemchemi. Mizizi yake hunasa uchafu, ndipo maji yanapotoka upande wa pili yakiwa meupe zaidi kuliko yalivyoingia. Mikuyu hutoa kivuli kinachozuia jua kuyakausha maji, na tini zake ni chakula cha ndege na popo. Mkindu hupenda kusimama penye unyevu, na makuti yake ndiyo ukindu tunaosukia mikeka na misala. Basi yule anayeufyeka mkindu bondeni ajue kwamba huenda anaukata mti ambao nduguye angeusujudia Mola wake juu ya majani yake.

Mnana husuka viota vyao kwenye matete yanayoning'inia juu ya maji, kwa ufundi ambao hawakufundishwa na mwanadamu yeyote. Mdiria hutulia juu ya tawi akivizia samaki. Yangeyange hutembea matopeni kwa madaha wakiokota wadudu. Kereng'ende huwinda mbu hewani, na watoto wake, wanaoishi majini, hula viluwiluwi vya mbu. Kambare hujificha matopeni, na vyura hukesha wakiimba.

Katika Suratul-An'am, aya ya 38, Mwenyezi Mungu ametufahamisha kwamba wanyama wanaotembea ardhini na ndege wanaoruka kwa mbawa zao ni umma kama sisi, kisha wote watakusanywa kwa Mola wao. Nao wanazuoni wetu wamepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.) mambo ambayo laiti tungewafundisha watoto wetu mapema. Imepokewa na Abu Dawud kwamba tabibu mmoja alimuuliza Mtume juu ya kumtumia chura katika dawa, naye akamkataza kumuua. Na amepokea pia kwamba masahaba walipochukua makinda ya ndege, mama yao akaja akirukaruka kwa uchungu, Mtume akauliza ni nani aliyemhuzunisha ndege huyu kwa watoto wake, akaamuru warudishiwe. Je, ni wazazi wangapi miongoni mwetu wanaomuuliza kijana wao, anaporudi nyumbani na manati shingoni, ametoka kumliza mama wa nani?

Harimu na hima

Wapo watakaosema kwamba hifadhi ya mazingira ni jambo la kisasa lililoletwa na wageni. Hilo si kweli. Mtume (S.A.W.) aliifanya Madina kuwa eneo takatifu ambamo miti haikatwi wala windo halifukuzwi. Tena alitufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Ibn Majah, kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Mshirika hana haki ya kukiharibu kile anachoshirikiana na wenziwe.

Juu ya msingi huo mafaqihi walijenga hukumu ya harimu, yaani eneo linalozunguka kisima, chemchemi au mto, ambalo haliruhusiwi kuhuishwa na mtu mmoja kwa kilimo au jengo litakalodhuru maji ya wote. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi walikadiria harimu ya chemchemi kuwa dhiraa 500, nayo ni zaidi ya mita 200. Katika madhehebu yetu ya Shafii kipimo hufuata haja na ada ya mahali, alimradi madhara yazuilike. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya nchi yetu, ya mwaka 2004, nayo imekataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kudhuru ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Kwa hiyo Muislamu anayeheshimu mita hizo 60 hatii serikali peke yake. Anatekeleza jambo ambalo fikihi ililijua karne nyingi kabla.

Ipo pia hukumu ya hima, yaani eneo lililotengwa kwa maslahi ya umma. Wanazuoni wamesimulia kwamba katika zama za ujahilia mkubwa wa kabila alikuwa akipanda mahali pa juu pamoja na mbwa wake, akambwekesha, na mpaka ilipokoma sauti ya mbwa ndipo ulipokuwa mpaka wa malisho yake binafsi. Uislamu ulikuja ukaifuta dhulma hiyo. Hima haikubaki kuwa ya bwana mkubwa, ikawa ni ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, yaani kwa faida ya watu wote.

Naye Sayyidna Umar (R.A.), kama alivyopokea Bukhari, alipomweka msimamizi wa hima alimuusia awaruhusu kuingia wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Awf na Uthman bin Affan. Hao ni masahaba watukufu, lakini Umar alieleza kwamba wao mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurejea, ilhali maskini akifiwa na mifugo yake atakuja na watoto wake mlangoni kwa Khalifa. Huu ndio uadilifu ambao kila anayetunga amri ya kuhifadhi bonde anapaswa kuusoma kabla ya kutia saini. Hifadhi inayomfukuza mjane mwenye tuta la mchicha, ikamwacha mwenye uwezo alime ekari kwa mashine ya kuvuta maji, ni hima ya ujahilia iliyovaa kanzu.

Tutazame miji ya wenzetu

Faida na hasara ya jambo hili tumekwisha kuiona kwa wenzetu. Dar es Salaam ilijaliwa bonde la Msimbazi, ambalo kazi yake tangu kuumbwa ni kupokea mafuriko. Watu wakajenga humo, wengine kwa shida na wengine kwa tamaa, taka zikamwagwa, matete yakaondoka. Desemba mwaka 2011 mvua kubwa ilinyesha, maji yakaja kudai mahali pake, na watu zaidi ya 40 walipoteza maisha jijini. Mwenyezi Mungu awarehemu. Waliobaki bila makazi walipelekwa Mabwepande, na hadi leo fedha nyingi zinatumika kulitengeneza bonde ambalo lingeachwa lisingedai senti.

Kwa upande mwingine, ndugu zetu wengi wana jamaa katika mji wa Maskati, Omani, ambako Kiswahili husikika majumbani. Katikati ya mji huo, penye barabara pana na majumba ya thamani, kuna msitu wa mikoko wa Al Qurm, uliohifadhiwa tangu mwaka 1975 na kuingizwa mwaka 2013 katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Dubai nayo, pamoja na bei ya ardhi yake, imeliacha eneo la Ras Al Khor liwe makazi ya korongo na ndege wengine wa majini. Mkataba wenyewe wa kimataifa unaohusu ardhioevu ulisainiwa mwaka 1971 katika mji wa Ramsar, nchini Iran, na Tanzania ilijiunga nao mwaka 2000. Ikiwa watu wa jangwani, wenye uwezo wa kujenga popote, wameona haya kuwanyang'anya ndege makazi yao, sisi tuliojaliwa masika tuna udhuru gani?

Hoja mbili zinazosemwa

Hoja ya kwanza ni mbu. Husemwa kwamba matopeni ndiko yanakotoka malaria, basi pafyekwe na palimwe. Lakini mbu hatari zaidi wa malaria katika nchi zetu hupenda kutaga katika vidimbwi vidogo vilivyo wazi na vinavyopigwa na jua: nyayo za ng'ombe, mashimo ya matofali, mifereji kati ya matuta. Bonde lenye kivuli cha mafunjo, samaki na kereng'ende si makazi yanayompendeza. Utafiti uliofanyika Kabale, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba vijiji vilivyo kando ya mabonde yaliyolimwa vilikuwa na joto zaidi, na hatari ya malaria ikaelekea kuwa kubwa zaidi, kuliko vile vilivyo kando ya mabonde yaliyobaki na mafunjo yake. Kwa hiyo anayefyeka kwa kumkimbia mbu huenda anamtandikia kitanda.

Hoja ya pili ni njaa, nayo ni nzito zaidi. Mtu ana watoto, korosho imeuzwa na fedha zimekwisha, kiangazi ni kirefu, na bondeni tu ndipo penye unyevu wa kuotesha mboga. Mtu huyu tusimtukane kwamba ni mharibifu. Tumuulize ni nani aliyemwachia njaa hiyo, na zaka ya mji wake imekwenda wapi. Uislamu umeharamisha madhara kwa nafsi na kwa wengine. Hauruhusu mmoja akaushe maji ya elfu, na hauruhusu elfu wanywe huku mmoja akilala na njaa. Njia iko katikati: alime nje ya harimu, asiwashe moto, asichimbe mitaro ya kukausha chemchemi, asisafishe pampu ya dawa ya mikorosho mtoni, na waliojaliwa wamsaidie apate mahali pengine pa kulima au kazi nyingine ya halali.

Tufanye nini?

Kwanza, maimamu wetu wa Newala na Masasi walitaje bonde kwa jina lake katika hutuba. Watu husikia juu ya mito ya Peponi. Wasikie pia juu ya chemchemi ya kwao. Wakumbushwe kwamba Mtume (S.A.W.) alionya dhidi ya kujisaidia katika mapito ya maji, njiani na kivulini, akayataja kuwa ni mambo yenye kuleta laana.

Pili, kamati za misikiti zisimame pamoja na wenye dini nyingine. Wakristo wa Masasi na Ndanda wanakunywa maji yale yale, na chemchemi haiulizi mtu anaabudu wapi. Mipaka ya harimu iwekwe kwa kukubaliana mbele ya serikali ya kijiji, kwa kupanda mikindu na mikuyu badala ya kuweka waya. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mmea, kisha akala ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Basi mti wa mpakani utakuwa alama kwa watu na thawabu kwa aliyeupanda.

Tatu, tuhuishe wakfu. Sayyidna Uthman (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma mjini Madina, akakifanya cha Waislamu wote, naye akachota sawa na wengine. Mwenye shamba linalopakana na chemchemi, ambalo warithi wake watagombania vipande, anaweza kuliwekea wakfu lisilimwe, likabaki linamletea thawabu kaburini kila mtu anapojaza ndoo.

Nne, na hili ni la wazazi na walimu wa madrasa: tuwapeleke watoto bondeni, siku moja tu baada ya darsa. Waonyeshwe chemchemi inapochimbuka, kiota cha mnana na kivuli cha mkuyu, kisha wasomewe tafsiri ya aya ya mwisho ya Suratul-Mulk hapo hapo, miguu yao ikiwa majini. Mtoto aliyefundishwa hivyo hatahitaji askari wa kumzuia panga atakapokuwa mtu mzima.

Tukumbuke, ndugu zangu katika imani, kwamba hatukuyaumba maji haya, tumekabidhiwa tu, na kila aliyekabidhiwa amana ataulizwa. Tunamuomba Mwenyezi Mungu asituondolee neema kwa sababu ya mikono yetu, azidumishe chemchemi zetu, awaruzuku maskini wetu, na atujaalie tuwe wenye kutengeneza ardhi wala si wenye kuifisidi. Amin.

Wabillahi tawfiq.